Ukurasa wa tatu wa daftari

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa 32, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Limefunikwa kwa gazeti, na juu ya gazeti limeandikwa jina, umri wa miaka 24 na neno "Matibabu". Kwa wengi wetu hilo ndilo faili. Unatembea nalo kutoka zahanati hadi kituo cha afya, na kila unakopita wanakugongea muhuri.

Ukurasa wa kwanza: homa, mwili kuuma, kukosa usingizi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, lakini dawa mseto imeandikwa vilevile. Ukurasa wa pili, miezi miwili baadaye: hana nguvu, hali chakula, analia bila sababu, analala kutwa. Amitriptilini, dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, miligramu 25 usiku, kisha 50. Ukurasa wa tatu, wiki tatu baada ya hapo, una mstari mmoja tu wa kalamu ya bluu: "Amechangamka. Anaendelea vizuri. Aendelee na dawa."

Ukurasa wa nne mwandiko umekimbia. Ameletwa na ndugu wanne, mikono imefungwa kwa kanga. Hajalala siku tano. Anaongea bila kituo na anasema ametumwa kuwalisha yatima wote wa wilaya. Amechomwa haloperidoli, sindano ya kumtuliza. Chini kabisa pana alama mbili za kuuliza: "Malaria kali? Skizofrenia?"

Daftari hili si la mtu mmoja. Yapo mengi yanayofanana nalo, na ndiyo maana limekataa kunitoka kichwani wiki zote hizi. Ukurasa wa nne haunisumbui sana. Hapo hata mpita njia anaona pana ugonjwa. Kinachonisumbua ni ule mstari wa bluu.

Maana siku ulipoandikwa, ugonjwa wa baipola, ule unaompandisha mtu juu na kumshusha chini kwa vipindi, ulikuwa umekaa palepale kwenye kiti, umesuka nywele, umepaka mafuta, unacheka na muuguzi.

## Saa nne ni saa nne ipi?

Kiswahili chetu kina mtego mdogo hapa. Ukimuuliza mtu "Jana ulilala saa ngapi?" atakujibu "saa nne", nawe hujui kama aliingia kitandani saa nne usiku au kama usingizi wake wote ulikuwa wa saa nne. Wengi huandika "usingizi upo" na kusonga mbele. Njia salama ni ndefu kidogo: uliingia kitandani saa ngapi, usingizi ulikuchukua saa ngapi, uliamka mara ngapi, ulitoka kitandani saa ngapi. Halafu lile lenyewe: asubuhi mwili ulikuwaje?

Jibu la swali hilo la mwisho linatenganisha mambo mawili ambayo madaftari yetu huyaita kwa jina moja la "kukosa usingizi".

Mwenye sonona anaukosa usingizi ilhali anautaka. Anageuka huku na huku, anahesabu mabati, anashtuka saa tisa usiku na hapati tena lepe, na kukipambazuka mwili ni mzito kama gunia lililolowa. Mwenye mania, yaani aliyepandishwa juu na baipola, yeye hautaki. Amelala kwa muda wa saa tatu tu, ameamka saa nane usiku, amefagia uwanja, amefua mapazia, na kufikia chai ya asubuhi ana nguvu kukushinda wewe uliyelala usiku kucha. Huyo hajakosa usingizi. Mwili wake umeacha kuuhitaji.

Ndugu husema hivi wakishafika hospitali: "Daktari, tulidhani amepona kabisa. Alianza hata kuamka kabla ya jogoo." Taarifa hiyo ilikuwepo nyumbani siku ya ukurasa wa tatu. Hakuna aliyeiomba.

Ndiyo sababu anayefaa kuulizwa ni yule anayelala naye chumba kimoja, si lazima aliyelipa nauli. Baba anaweza kukueleza habari za ukoo mzima, lakini mdogo wake mgonjwa ndiye anayejua taa ilizimwa saa ngapi.

## Siku 7, siku 4, wiki 2

Neno baipola limeingia mtaani kwa kasi, na limeingia likiwa limepinda. Mtu akicheka asubuhi na kununa jioni anaambiwa ana baipola. Hapana. Moyo wa kila binadamu hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Baipola huja kwa vipindi: siku kadhaa au wiki nyingi mfululizo ambapo hisia, nguvu, usingizi na kasi ya mawazo vinahama kwa pamoja, mpaka watu wa karibu wanasema huyu si yule tunayemjua.

Kipindi cha mania huhesabiwa kuanzia siku 7. Moyo uwe umepanda kupita kiasi, au hasira iwe juu, karibu kutwa nzima na karibu kila siku, pamoja na nguvu zisizo za kawaida yake. Juu ya hayo zitafutwe dalili 3 kati ya 7: kujiona mkubwa kupita uhalisia, kutohitaji usingizi, kuongea mfululizo, mawazo kukimbizana, kuvutwa na kila kinachopita, shughuli nyingi au kutotulia, na kujitosa kwenye mambo yenye madhara. Kama furaha haipo na kilichopo ni hasira tu, zinatakiwa 4, kwa sababu hasira ina vyanzo vingi. Na kama hali imefikia kulazwa, zile siku 7 hazisubiriwi.

Kwenye karatasi orodha hiyo ni kavu. Nyumbani ina sura. Simu inaanza kutuma ujumbe wa sauti saa tisa usiku, mmoja baada ya mwingine, kwa kundi la ukoo ambalo kwa kawaida yeye huwa hachangii. Mikopo ya simu inachukuliwa kutoka programu tano kwa siku mbili. Nyumba inapakwa rangi, chumba cha kwanza chote, cha pili nusu, cha tatu kimechorwa mstari tu. Ada ya mtoto inatolewa sadaka. Mtu mpole anamtukana bosi wake kwa lugha safi na kuandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo. Ukweli wa jambo unatoka pale anapozuiwa: yule aliyekuwa mchangamfu mpaka anaambukiza anageuka mkali ghafla, na ukali huo ndio unaomfanya afungwe kanga.

Haipomania ina dalili zilezile, ila kipimo chake ni siku 4, na haivunji maisha. Hakuna kulazwa, hakuna sauti zisizokuwepo, hakuna imani kwamba ametumwa na Mungu au na rais. Ikitokea hata moja ya hizo, jina linabadilika kuwa mania hapohapo. Lakini lazima wengine waione tofauti. Furaha anayoijua mwenyewe peke yake moyoni haihesabiwi.

Kwa hiyo: aliyewahi kupata mania, hata mara moja tu maishani, hata kama hajawahi kuonja sonona, ana baipola aina ya kwanza. Aliyewahi kupata angalau haipomania moja na angalau sonona moja kamili, ambayo ni wiki 2 zenye dalili 5 kati ya 9, bila kufika mania, ana aina ya pili. Saiklothimia ni mawimbi madogo yasiyofikia kipimo cha juu wala cha chini, lakini yanadumu miaka 2 kwa mtu mzima, mwaka 1 kwa kijana, na mtu hapati nafuu ya zaidi ya miezi 2 mfululizo.

Kuna pia wanaozunguka haraka. Maana yake ni vipindi 4 au zaidi ndani ya miezi 12, si vipindi vinne ndani ya wiki.

## Aina ya pili ni nyepesi kwa nani?

Imezoeleka kusema aina ya pili ni ile ndogo. Kwa muda mrefu vitabu vya wanafunzi viliiweka hivyo, na bado nasikia ikisemwa. Naipinga kwa hesabu.

Mwaka 2002 na 2003, Lewis Judd na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wiki kwa wiki kwa karibu miaka 13. Wenye aina ya kwanza walikuwa na dalili takriban asilimia 47 ya wiki zote, na sehemu kubwa, kama asilimia 32, ilikuwa dalili za sonona. Za kupanda zilikuwa kama asilimia 9. Wenye aina ya pili walikuwa na dalili asilimia 54 ya wiki. Sonona peke yake ilichukua asilimia 50.

Haipomania kwao? Kama asilimia 1.3.

Rudi sasa kwenye daftari. Mtu wa aina ya pili anatumia nusu ya maisha yake akiwa chini na siku chache akiwa juu, na katika siku hizo chache ndipo biashara inakwenda, kwaya inafurahi, mama anamshukuru Mungu kwamba mwanawe amerudi. Nani atamleta hospitali siku hiyo? Analetwa akiwa chini, anaulizwa ya chini, anaandikiwa sonona. Utafiti uliokusanya takwimu za nchi mbalimbali unaonyesha kwamba kati ya dalili za kwanza na matibabu yanayostahili hupita karibu miaka 6 kwa wastani. Umri wa kuanza ni kati ya miaka 15 na 25 kwa wengi. Miaka 6 hiyo ndiyo miaka ya kidato cha nne, chuo, kazi ya kwanza na ndoa.

Zipo sonona zinazopaswa kukufanya usimame kabla ya kuandika dawa. Iliyoanza kabla ya miaka 25. Inayorudi kila mwaka. Inayokuja na kulala sana na kula sana badala ya kukosa vyote viwili. Iliyoanza ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua. Yenye sauti au imani za ajabu. Na ya mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ana baipola: uwezekano wake ni kama asilimia 5 hadi 10, maana yake wengi wao hawataipata, lakini hao ndio wa kuulizwa mara mbili.

## "Nina mawazo mengi"

Hapa Kiswahili kinatutega tena. Mgonjwa anasema "nina mawazo mengi", nasi tunaelewa huzuni. Muulize: ni wazo lilelile linazunguka, au ni mawazo mapya yanakimbizana mpaka huwezi kulishika hata moja? La kwanza ni la sonona. La pili ni la juu.

Na kuna mtu ambaye atakujibu: yote mawili.

Huyo ndiye wa kuogopewa zaidi. Ana nguvu za mania na giza la sonona kwa wakati mmoja: analia huku anatembea chumba kizima, anaongea haraka kuhusu kufa, halali, hatulii, ngozi inamwasha kwa ndani. Mwenye sonona nzito mara nyingi hana hata nguvu ya kutekeleza alichokiwaza. Mwenye hisia mchanganyiko anazo. Usimrudishe nyumbani kwa maneno ya faraja.

Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kisha mambo ya mikono: sumu ya panya na dawa za shambani zitoke nyumbani leo, si kesho. Vidonge vikae kwa ndugu mmoja, na vitolewe vya wiki moja tu, kwa sababu amitriptilini ikinywewa nyingi husimamisha moyo, na lithiamu, dawa ya kushika hisia za mwenye baipola, nayo ikizidi ni sumu. Asiachwe peke yake usiku.

Familia nyingi huficha jaribio la kwanza, na si aibu peke yake inayowafanya wafiche. Kwa Tanzania, Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Kenya nako kulikuwa na kifungu cha 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Mwenye kuandika daftari akumbuke hilo anaposoma "alikunywa dawa kwa bahati mbaya".

## "Malaria imempanda kichwani"

Sentensi hii imewaokoa watu na imewapoteza watu. Malaria kali huvuruga akili kweli, na mtu mwenye homa aliyeanza kuongea ovyo apimwe kabla ya jambo lingine lolote. Ila kipimo kikisema hakuna vimelea, kiaminiwe. Ukurasa wa kwanza wa daftari haukukiamini, na ukafunika kile kilichokuwa kikianza.

Tofauti inaonekana ukikaa naye nusu saa. Aliyevurugwa na homa au maambukizi ya ubongo fahamu zake huja na kupotea, jioni anazidi, hajui yuko wapi wala leo ni siku gani, anashikashika shuka. Mwenye mania yuko macho kabisa. Anajua yuko wapi, anakujua jina lako na la mkuu wako, na anakumbuka ulichomwambia jana kuliko unavyokumbuka wewe.

Mania ya kwanza kabisa ikimpata mtu aliyevuka miaka 50, tafuta mwilini kwanza: kiharusi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, vidonge vya prednisoloni alivyopewa kwa pumu. Na katika umri wowote pimeni VVU. Watafiti wa Uganda walichapisha mwaka 2006 ulinganisho wa mania ya kawaida na ile inayoletwa na VVU. Ya VVU ilikuwa na hasira zaidi, ukali zaidi, kuona na kusikia visivyokuwepo zaidi, na akili iliyopungua kasi. Matibabu yake yanaanzia kwenye dawa za virusi.

Miraa nayo huondoa usingizi na kuongeza maneno. Kama dalili zinakwisha siku chache baada ya kuacha kutafuna, hiyo si baipola. Zikiendelea kama mwezi mzima baada ya kuacha, usiendelee kuilaumu miraa.

Skizofrenia ile iliyoandikwa ukurasa wa nne, ugonjwa ambao sauti na imani za ajabu huwepo hata moyo ukiwa umetulia, ni kosa la kawaida, na gharama yake ni kubwa kwa sababu hufuata mtu maisha yake yote. Kusikia sauti hakutoshi kuitaja. Uliza sauti hizo zilikuwepo lini. Kama huja tu akiwa juu sana au chini sana, na katikati akirudi kwenye hali yake ya kawaida hana hata moja, unaangalia baipola.

## Kidonge kilichompandisha

Amitriptilini ni dawa nzuri mahali pake. Lakini mtu mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake, bila dawa ya kushika hisia, anaweza kurushwa juu, na amitriptilini iko mbele ya nyingi kwa tabia hiyo. Ndiyo iliyopo kwenye kabati la zahanati. Ndiyo inayotolewa kwa sonona, kwa usingizi, kwa ganzi za miguu. Wiki mbili hadi nne za mwanzo ndizo za kumfuatilia, na mtu akianza ghafla kung'ara kupita alivyokuwa kabla hajaugua, dawa isimamishwe na apelekwe kwa mtaalamu wa akili.

Lithiamu bado ndiyo nguzo. John Cade, daktari wa Australia, aliandika kuihusu mwaka 1949, na mpaka leo hakuna dawa ya baipola yenye ushahidi mzuri kuishinda katika kupunguza vifo vya kujiua. Lakini nafasi kati ya kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba. Damu hupimwa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, siku 5 hadi 7 baada ya kuanza au kubadili kiasi. Kwa matumizi ya muda mrefu wengi hulengwa kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita ya damu, ikipita 1.5 ni hatari. Mahali ambapo kipimo hicho hakipatikani, isianzishwe. Figo na tezi ya shingo nazo zipimwe kabla ya kuanza, kisha angalau kila miezi 6.

Kinachoharibu mambo mara nyingi ni duka la dawa la mtaani. Diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo hupandisha lithiamu kwenye damu ndani ya siku chache. Kuhara na kutapika pia. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu kukaa bila maji kwenye joto la pwani kunatosha kuvuruga kiwango. Mikono ikianza kutetemeka kwa nguvu, mtu akiyumba kama mlevi, ulimi ukawa mzito, dawa isinywewe tena na apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Bila dalili hizo, isikatishwe ghafla: mania hurudi kwa kishindo ndani ya wiki chache.

Valproeti hufanya kazi vizuri kwa mania, na hutolewa ovyo kwa wasichana. Kati ya watoto 10 waliokaa tumboni na dawa hii, karibu 1 huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 huchelewa kukua kiakili. Binti wa miaka 24 hapaswi kupewa bila mazungumzo hayo na bila uzazi wa mpango wa uhakika. Kabamazepini, dawa nyingine ya kushika hisia, nayo hudhoofisha vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango, na anayeitumia pamoja na dolutegraviri, dawa ya VVU, anahitaji dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Haloperidoli ya ukurasa wa nne ilikuwa sahihi kwa usiku ule. Kilichokosekana ni sentensi moja kwa ndugu: katika siku za mwanzo shingo inaweza kupinda, taya kukaza au macho kupanda juu. Ni dawa, si jini, na kuna sindano au kidonge cha kuifungua. Familia ambayo haikuambiwa hutoka hospitali na kwenda kwa mganga, na kwa haki yao wanaona dawa imemzidishia.

## Kadi za Kraepelin

Nimejiuliza kwa nini mstari wa bluu ulikuwa rahisi hivyo kuandikwa. Aliyeuandika hakuwa mzembe. Alimwona mtu kwa dakika kumi, na kwa dakika hizo kumi mtu alikuwa mzima.

Mwaka 1854 daktari wa Paris, Jean-Pierre Falret, alieleza kile alichokiita wazimu wa mzunguko, na ndani ya mzunguko huo aliingiza pia kipindi cha utulivu kilicho katikati. Alikiona kwa sababu aliwatazama watu walewale kwa miaka. Emil Kraepelin, daktari wa akili wa Ujerumani, alimwandikia kila mgonjwa kadi yake na kufuatilia ugonjwa ulivyokwenda mwaka baada ya mwaka. Kutoka kwenye kadi hizo, mwaka 1899, akatenganisha ugonjwa unaopanda, kushuka na kuachia na ule tunaouita leo skizofrenia.

Daftari la kurasa 32 ni kadi hiyohiyo. Tunalo mkononi. Tatizo ni kwamba kila mmoja anaandika ukurasa wake bila kufunua uliotangulia.

Kurasa za mwisho za daftari hilohilo zinafaa kupigwa mistari mitano ya wima: tarehe, saa za usingizi, hali ya moyo kuanzia -3 hadi +3, dawa, na jambo la siku hiyo, kama hedhi, pombe, mkesha, safari ya usiku au msiba. Dakika mbili kila asubuhi. Aandike mgonjwa, na Jumapili mtu wa nyumbani aweke namba yake pembeni, kwa sababu mtu anayepanda hujipa sifuri. Baada ya miezi mitatu kila mmoja huona alama zake za mwanzo. Kwa mmoja ni kuanza kuvaa nguo za rangi kali. Kwa mwingine ni kuwapigia simu watu aliosoma nao shule ya msingi. Kwa karibu wote, usingizi hutangulia: usiku mbili mfululizo chini ya saa 5 bila uchovu, watu wasisubiri ya tatu. Mkesha uahirishwe, simu ikae kwa dada, kadi ya benki na namba ya siri ya pesa za simu viwe vimekabidhiwa tangu siku za uzima kwa makubaliano, na kliniki ipigiwe.

Makubaliano hayo yaandikwe yeye akiwa mzima. Akishapanda hatakubali, na hapo ndipo kanga inapotafutwa.

Nimekuwa nikiuandika upya ukurasa wa tatu kichwani. Mwandiko uleule, kalamu ileile ya bluu, mistari michache tu zaidi:

"Amechangamka kupita kawaida yake. Anaingia kitandani saa sita usiku, anatoka saa tisa, hachoki, siku ya 4 leo. Mdogo wake anathibitisha. Aliwahi kuwa hivi kidato cha nne, kama siku 6, hakutibiwa. Bibi mzaa mama aliwahi kulazwa hospitali ya akili ya Mirembe. Hajajifungua, si mjamzito. Hana mawazo ya kujiua. Amitriptilini isimame. Rufaa kliniki ya akili kesho asubuhi, aje na mdogo wake."